Nishikie Jua

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kutoka Bunda: mpiga picha wetu wa mitaani amefariki. Nikauliza, "Yupi?" kana kwamba tulikuwa nao wengi. Wasomaji wangu wa Musoma mnamjua, ndiye yule aliyekuwa akikusimamisha njiani pale Nyasho, akampa mpita njia yeyote flashi yake ndogo na kumwambia, "Nishikie jua." Flashi ile haikukaa juu ya kamera hata siku moja. Aliitaka pembeni, mkononi mwa mtu, imulike uso kutoka ubavuni.

Niliwahi kumshikia jua kule Kabasa, akimpiga picha mama muuza sato. Mama akaomba, "Mwanangu, unifanye mweupe kidogo, mi nakuwaga mweusi sana kwenye picha." Jamaa akang'aka: "Mama, wewe huna shida! Wanaokupigaga ndio wanakunyima mwanga!" Akanisogeza hatua mbili, akabofya. Mama alipojiona kwenye kioo cha kamera alijifuta machozi kwa kitenge, akasema amefanana na marehemu mama yake. Siku hizi tunajisugua nyuso kwa simu hadi watoto wetu hawatutambui. Yule bwana alitupa mwanga tu, basi.

Sasa nikiri kosa langu. Siku moja, hapo hapo Nyasho, alinipa kamera, flashi akaishika mwenyewe. "Leo nipige mimi." Nikabofya bila kuwasha kile kidude cha juu ya kamera kinachoiamuru flashi iwake. Akatoka kivuli kitupu, mkono umeinua flashi iliyozima. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Nikamwambia, "Tutarudia." Ole wangu.

Msibani Butiama, mkewe alinivuta kando. "Shemeji, mlikuwaga wote kila Jumamosi. Huna picha yake ya kuweka kwenye jeneza?" Niliyokuwa nayo ni ile ya kivuli, aliyonitumia kwa utani. Nikashindwa kuitoa. Mtu aliyeng'arisha nyuso za mji mzima tukamzika na picha ya kitambulisho, iliyokuzwa hadi macho yakafifia. Nililia kama mtoto, wala sioni aibu kusema.

Waombolezaji walinifariji kwamba mganga hajigangi. Hapana. Yeye aliomba kugangwa, mimi nikasema tutarudia. Msomaji wangu, kama kuna mtu anayekushikia jua, mpige picha leo, na uangalie kwanza kama limewaka.