Kumjulia Hali Ndama

Niuseme upumbavu wangu mwenyewe kabla majirani wa Kyebando hawajaniwahi: kila asubuhi nilianza na mgonjwa. Nyuma ya nyumba nilikuwa na ng'ombe mmoja mwenye mimba, na ndama niliyemnunua mnadani. Ndama akaanza kuhara maji yenye damu, kwa harufu ya kufukuza hata nzi. Mimi nimelelewa kwamba mgonjwa hujuliwa hali kwanza. Basi naamka, navaa gambuti, naingia kwake, nampangusa, namnywesha, nampa pole. Kisha, na gambuti zile zile na ndoo ile ile, nakwenda kwa mama mjamzito. Adabu tupu.

Ndama akafa. Nikaanza kutafuta mchawi, na kwa mtu asiyetoka nyumbani kama mimi, mchawi atakuwa nani kama si jirani?

Jirani yangu ni mama Mkenya anayepika chakula pale kona. Jioni huniletea gunia la maganda ya matoke kwa ajili ya ng'ombe, nami namjazia maziwa kwenye jagi lake. Sasa nikawa nayanusa maganda, nayapindua moja moja. Mbona haya meusi? Mbona amecheka alipotua gunia? Nilimchungulia kwenye tundu la uzio wa mabati mpaka shavu likashika kutu. Dukani nikamnong'oneza muuzaji: "Maganda ya yule mama, mimi siyaelewi." Na pale dukani kwetu, kunong'ona ni kama kushika kipaza sauti.

Gunia lililofuata nikalirudisha.

"Kwani ng'ombe amesusa?" akauliza.

"Anapumzika."

"Anapumzika kula?"

"Anapumzika kula vya watu."

Akajitwisha gunia lake, akaondoka. Nikaona huo nao ni ushahidi.

Lakini ng'ombe naye akaacha kula, akahara vilevile, na mimba ile tumboni. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba kuna daktari wa mifugo kule Kawempe. Alikuja, akachukua kinyesi cha kupima, akauliza, "Nani huingia humu bandani?"

"Hakuna!" nikajibu kwa fahari. "Geti lina kufuli. Ni mimi tu."

Akazitazama gambuti zangu. "Ukiingia unaanza na yupi?"

Nikamweleza habari ya kumjulia mgonjwa hali. Alitaka kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

Majibu yalisema salmonela. Alivyoona yeye, ndama alitoka nayo mnadani, na mimi nikaifikisha kwa mwenzake. "Mzima kwanza, mgonjwa mwisho, mzee. Na maziwa chemsheni mpaka yafoke, hii hata watu inawashika."

"Na maganda?" nikauliza, maana sikuwa tayari kushindwa.

"Maganda yamefanya nini?"

Ng'ombe alipona. Mimba ilitoka. Nilichimba shimo refu, nikamwagia chokaa, nikarudi ndani nikakaa na gambuti zangu sebuleni kama mgeni asiyekaribishwa.

Mama jirani alisikia, akaja kunipa pole. Alinikuta mlangoni pa banda, nimeweka beseni la dawa ya kuua vijidudu.

"Mama, kanyaga humo kwanza," nikamwambia. "Uchafu husafiri."

Akalitazama beseni, akanitazama mimi.

"Hiyo dawa sukutua wewe kwanza, jirani. Uchafu uliotoka dukani ukafika kwa wateja wangu haukwenda kwa miguu."