Keki ya Tabaka Tatu

Nikisikia harufu ya jani la mgomba likiungua, nakumbuka keki aliyotuokea mama, kwetu Ihanda. Maradhi yalikuwa yamemwondolea ladha yote mdomoni, lakini siku hiyo aliamka, akatandika majani ndani ya sufuria, akaweka makaa chini na juu ya kifuniko. Akaoka tabaka tatu, akazipanga na kupaka kakao nzito katikati.

"Onja, mwanangu. Ni tamu?"

Nikaonja. Nyuma yake, mfuko wa sukari ulikuwa haujafunguliwa.

"Tamu sana, mama."

Baba, aliyezoea kurudisha sahani ya ndizi kwa sababu ya chumvi tu, alitafuna kipande chake mpaka kikaisha. Kisha akamsogezea mama sahani.

"Niongezee kingine," alisema, huku akiangalia pembeni.