Kibuyu cha Asali Mbele ya Jaji

Haya nayasema nikiwa nimejifunika uso kwa leso. Mimi na jirani yangu Musyoka, sote wa Mutomo, tulipelekana kortini Kitui kwa ajili ya mpaka wa shamba, na hakuna kati yetu aliyekuwa na wakili. Jaji akateua wakili mmoja aieleze korti sheria bila kuegemea upande. Lo, mtu yule! Alifungua vitabu vinene kama matofali, akazungumza polepole, na jaji mwenyewe akawa anaandika kama mwanafunzi. Nikajiambia, mtu mkubwa hivi hawezi kuwa wa Musyoka. Huyu ni wangu. Kesho yake asubuhi nikamwachia karani wake kibuyu cha asali. "Mpe wakili wangu," nikasema.

Korti ilipoketi, wakili aliinama, akaweka kibuyu changu mezani.

"Mheshimiwa, mimi si wakili wa mtu yeyote hapa. Asali hii imeletwa na huyu mama."

Musyoka akaangua kicheko. Wakili akamngoja amalize, kisha akainama tena, akatoa kibuyu cha pili.

"Na hii imeletwa na huyu mzee aliyecheka."