Swali la Karani wa Mafundi

Tangu tetemeko liangushe nusu ya Musoma, karani wa mafundi anashinda chini ya turubai pale Bweri, penseli kaichomeka kwenye nywele, akitafuta wasimamizi wa kuujenga mji upya kabla ya mvua. Vyeti haangalii. Kila fundi anamuuliza kwa sauti ya chini, kama anayeulizia wagonjwa: "Nyumba ulizojengaga wewe, ipi imeanguka?" Karibu wote wanajibu upesi kwamba hakuna hata moja, kana kwamba zilizoanguka zilijijenga zenyewe. Hao anawaandika vibarua. Siku ya tano, ukurasa wa wasimamizi ulikuwa bado mtupu.

Ndipo akaja fundi wa Bunda, kofia mkononi. "Moja, mama. Iko Kamunyonge, ile ya bati la bluu. Kwenye nguzo niliweka nondo mbili badala ya nne. Nilikuwa na haraka." Penseli ikasimama. "Hiyo nilikuwa nimepanga mimi," karani alisema. "Sasa nalala kwenye hema na wanangu." Fundi akainama, akageuka kuondoka. Karani akamsogezea kiti. "Kaa, fundi. Nondo nne utawafundisha wenzako wewe." Akafungua ule ukurasa mtupu, akamuuliza jina.