Mrija wa Awor

Awor alizaliwa na hasira zake, na watu wa Tororo walimjua. Ukimpunja ulezi, ungemsikia mpaka stesheni. Lakini hasira ya mwaka ule, wa pili baada ya Uhuru, ilikuwa ya namna nyingine, na ilikuwa haki yake.

Alikuwa mjane. Malwa yake, pombe ya ulezi, ndiyo iliyowalisha wanawe. Kila jioni chungu kikubwa kiliwekwa katikati ya ua, watu wakakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, wote chungu kimoja. Mtu akitolewa kwenye chungu hicho, ametengwa na watu.

Basi akashikwa na homa, akakonda. Ebong, ndugu wa marehemu mumewe, akampeleka hospitali. Wakamtoa damu, wakaisimamisha kwenye mrija mwembamba wa kioo kwa saa nzima, wakatazama chembe nyekundu zimeshuka kiasi gani. Na majibu daktari alimpa nani? Ebong! Mwenye damu amekaa pale pale kwenye benchi, anaongelewa kama mbuzi wa mnadani.

"Imeshuka milimita tisini na tano. Ni mno. Wiki ijayo tutampima kifua."

Ebong aliwahi kuugua kifua kikuu, akapona, na wakati ule damu yake ilishuka hivyo hivyo. Kwake yeye maneno yalikuwa yamekwisha. Jioni ile akaingia uani, akauchomoa mrija wa Awor chunguni mbele ya wanywaji.

"Shemeji ana kifua kikuu, jamani. Damu yake ni kama yangu ilivyokuwa."

Watu wakanyanyuka mmoja mmoja, mirija yao kwapani. Kesho yake hakuja mtu, wala kesho kutwa. Pombe ikageuka siki, ikamwagwa, na watoto wakalala na muhogo mkavu.

Kilichomkereketa Awor zaidi ni hiki: Ebong alipougua na watu wakamkimbia, ni yeye aliyempikia chungu chake kidogo, akimpelekea kila jioni na kukaa naye mpaka amalize. Nani alimtuma? Moyo wake tu. Shukrani ya punda ni mateke!

Wiki iliyofuata akaenda hospitali peke yake, anachechemea. Makohozi yakaonekana safi. Picha ya kifua nayo safi.

"Sasa hiyo damu ilisema nini?" akauliza.

"Mama, damu ikishuka upesi hivyo, inasema kuna moto mwilini," daktari akasema. "Haisemi ni nyumba gani inaungua. Inaweza kuwa kifua, jino, viungo, jipu. Hata mimba huishusha. Ni lazima tutafute."

"Lo! Na hayo ulishindwa kuniambia mimi mwenyewe? Ukampa Ebong nusu, yeye akaenda kujazia nusu yake uani kwangu! Na nani aliniuliza kama ninaumwa mahali pengine?"

Akapandisha gauni. Paja la kulia lilikuwa limevimba, gumu, linawaka. Siku ile ya kwanza angelionyeshaje, na shemeji yake amesimama pale pale? Daktari akalibonyeza, Awor akapiga yowe. Lilikuwa jipu, limejificha ndani ya nyama.

"Samahani, mama. Nilikosa."

"Pasua," Awor akasema.

Wakapasua, usaha ukajaa bakuli. Homa ikakatika. Damu ilipopimwa tena baada ya wiki kadhaa, ilishuka kidogo tu kama ya mtu mwenye afya, na safari hii daktari alimwambia yeye mwenyewe.

Awor akapika. Harufu ilitosha kuwaita. Wakarudi na mirija yao, wakijichekesha chekesha. Ebong naye akaja.

"Shemeji, mambo yamekwisha, eh? Tukaribishe basi."

Akaunyoosha mrija wake chunguni. Awor akamshika mkono.

"Ngoja."

Akaingia ndani, akatoka na chungu kile kidogo, kile cha siku za ugonjwa wa Ebong, kimejaa na kinafuka mvuke. Akakipeleka mbali, kwenye ua wa minyaa, akaweka na kigoda.

"Lakini mimi nilishapona!" Ebong akasema. "Daktari mwenyewe alisema!"

"Najua. Na mimi kifua changu kilikuwa kizima. Nenda ukakae."

Ebong akaenda, akaketi, akatia mrija wake. Alikuwa akitazama nyuma, na kila mtu alijua anamngoja nani.

Safari hii Awor hakwenda kukaa naye.