Bawaba za Lango la Mama

Sipendi kelele za chuma. Ndiyo maana tulipozungushia ua nyumba yetu ya Shela nilikwenda mjini Amu mwenyewe kuchagua bawaba za lango. Chumvi ya huku haina huruma, chuma hukitafuna. Nikachukua za stinles zisizoshika kutu, nzito, zinazokwenda kimya. Chema chajiuza, na mimi nikauzika.

Ua wenyewe ulikuwa kwa ajili ya mama. Amesahau mengi, ila miguu haijasahau kutembea. Kila mara ataka kwenda kwao Mbwajumali, na Mbwajumali iko Pate, bahari iko kati. Kaka yangu alisema nitie kufuli. Nikamwambia mama si mbuzi, na nyumba ikishika moto nani atatafuta ufunguo? Nikatia komeo tu, upande wa nje, ili majirani waingie kama walivyozoea. Wakitoka hupitisha mkono juu ya lango kulifungua. Sikujua kuwa mama alikuwa akiwatazama.

Adhuhuri moja nilikuwa nikikaanga samaki. Kugeuka, kiti chake kitupu, lango wazi. Bawaba zangu nzuri hazikusema neno. Wallahi nilichanganyikiwa. Nilikimbia hadi ufuoni, buibui nimelisahau, nikamkuta mwenye punda amemshika mama mkono akimrudisha. Nguo za mama zilikuwa zimerowa hadi magotini.

"Naenda kwetu," mama akaniambia, amenikunjia uso.

Kesho yake nikamwita fundi, nikamwambia azing'oe bawaba zile anitilie za chuma cha kawaida.

"Hizo zitashika kutu, Bi. Zitalia."

"Nataka zilie."

Na zalia. Nimekataza mtu kuzitia mafuta. Jirani yangu hunitania kuwa lango langu lapiga kelele kunishinda mimi, na ni kweli. Tangu hapo roho yangu iko juu. Likilia tu, naacha chungu motoni nakimbia; mara mbuzi, mara upepo. Nimechoka.

Juzi mama alikuwa amesinzia barazani, jirani yuko naye. Nikasema nami nitoke kidogo, hata kununua mkate tu. Nikalisukuma lango polepole. Likalia.

"Nani atoka?" mama akauliza.

"Ni mwanao," jirani akamjibu.

"Mfuateni." Alikuwa ameshaanza kuinuka, ashika ukuta. "Atapotea ndia yule, nami nitamtafuta wapi?"

Nikarudi nikakaa naye. Mkate akaenda kuununua jirani.