Nyufa kwenye Mikorosho ya Mwera

Habari ilinikuta Ngamiani, nimesimama dukani nasubiri chapati: yule mzee wa Mwera mwenye mikorosho amefariki, na maziko ni alasiri hiyo hiyo. Kabla hata ya kusema inna lillahi, nilimuuliza aliyeniletea habari ameipata kwa nani, na huyo naye kaambiwa na nani. Ndivyo marehemu alivyotuzoesha sisi tuliomjua. Alikuwa mtu wa kushuku mpaka salamu. Ukimwamkia kwa uchangamfu kuliko jana, alikuitikia marahaba huku akikutazama mikononi aone umekuja na nini. Chai ya watu hakunywa mpaka mwenye nyumba atangulie kuinywa. Pamoja na hayo nilimpenda, na naandika haya nikiwa na majonzi.

Alipostaafu ukarani mjini, alirudi Mwera kwenye shamba la urithi akapanda mikorosho. Shamba lake lilipakana na la mdogo wake, mtoto wa baba yake mdogo, ambaye walilelewa naye nyumba moja na kula sahani moja. Miti ilikua vizuri, hata msimu mmoja mzee akaona magome yamebadilika. Mashina yaliyokuwa laini, yenye ukijani kwa mbali, yalikuwa yamegeuka kijivu, na chini karibu na ardhi yamepasuka nyufa za wima. Aliniita nikaangalie, kwa hoja kwamba mtu anayeandika gazetini hawezi kukosa kujua. Sikujua kitu. Nilichoona ni kwamba kila alipogusa ufa, macho yake yalikwenda upande wa pili wa mpaka, kwa mdogo wake.

Nikamshauri amwite bwana shamba, naye akaja. Alikwangua gome kidogo kwa ncha ya kisu, akatuonyesha ndani: kijani kibichi, chenye maji. Akaeleza kwamba mkorosho ukinenepa, gome lake la utotoni halitoshi tena, lazima lipasuke. La kuogopa ni utomvu unaochuruzika, au unga wa mbao chini ya shina, maana hapo kuna mdudu anatoboa. Tulizunguka shamba zima, hatukuona utomvu wala unga. Ili kumtoa mzee wasiwasi, bwana shamba akatuvusha mpaka kwa mdogo wake, ambaye mikorosho yake ilitangulia kupandwa. Nayo ilikuwa na nyufa zile zile, kubwa zaidi, na ilikuwa inazaa. Nikajua yamekwisha. Tuliporudi, mzee alinishika mkono akanivuta kando.

"Umeona ujanja wake?" akaninong'oneza. "Karoga na yake, ili asishukiwe."

Kisha akaniuliza bwana shamba alikula wapi mchana ule. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Haukupita muda akamleta mganga wa kumzindikia shamba, kulikinga na uchawi. Kila mti ulifungwa kitambaa cheusi, kikakazwa kwa uzi wa nailoni ule wa kuvulia samaki, ili mkono wa hasidi usipenye. Miti ikaendelea kunenepa, na nailoni hainyumbuki. Msimu uliofuata gome lilikuwa limevimba juu ya kila uzi, na baadhi ya mashina yameanza kutoa utomvu. Sasa yaliugua kweli. Bwana shamba alipomsihi akate nyuzi, mzee alikataa, akasema kukata ni kumfungulia adui mlango. Ule uvimbe kwake ulikuwa ushahidi aliokuwa akiungoja. Akaacha kuitikia salamu ya mdogo wake. Siku ya Idi, mdogo wake alimletea sahani ya pilau kwa mkono wake mwenyewe, nayo ikarudishwa na kawa juu, haijafunuliwa. Nilikuwepo barazani. Iliniuma kuliko nilivyoonyesha.

Simlaumu moja kwa moja. Siku hizi mtu anauziwa miche anaambiwa ni ya mbegu bora, ikikua haifanani na alichoambiwa. Dawa ya kunyunyizia inachanganywa maji dukani. Simu inaita, sauti tamu inakuita kwa jina lako lote, mwisho wake unalizwa. Anayeamini kila kitu hadumu mjini wala shamba, na mimi mwenyewe nahesabika miongoni mwa wenye shaka. Lakini mkulima mwenye akili anaposhuku mti, anajua akiona nini atatulia: kijani chini ya gome kinamtosha. Shaka ya mzee wetu haikuwa na kitu cha kuitosheleza. Kila jambo lililomtetea mdogo wake, yeye aliligeuza likawa la kumshitaki. Na huko ndiko tunakoelekea wengi, kwenye familia, kwenye vyama vya wakulima, hata misikitini, ambako mtu akikaa kimya ana lake jambo, na akisema ndiyo zaidi.

Nilifika Mwera jeneza limekwisha kuwekwa mbele. Kabla ya sala, imamu aliwageukia watu kama ilivyo ada, akasema kama yupo aliyekosewa na marehemu, amsamehe. Kwa kawaida hapo watu huitikia kwa pamoja kwamba wamesamehe, mambo yakaendelea. Safari hii waliitikia, kisha kutoka safu ya mbele mdogo wake akasema peke yake, kwa sauti ya kawaida.

"Mimi kaka nimemsamehe. Ila yeye kaondoka hajanisamehe, na sikumfanya kitu. Hilo nimwombe nani?"

Imamu akaelekea kibla, tukasali. Nimeondoka na swali hilo. Ninachoweza kuwaambia ninyi wasomaji wangu ni hiki: mti ukikutia shaka, kwangua gome uangalie. Mtu huwezi kumkwangua. Yeye ni wa kuulizwa, na wa kuaminiwa akijibu, wakati nyote wawili bado mnapumua.